Chumba cha Mwisho Mkono wa Kushoto

Uvumi ule fundi cherehani aliusikia kwa mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, na tangu siku hiyo ukamng'ang'ania kama uzi mweupe kwenye nguo nyeusi: kwamba kijana akikubaliwa katika lile tamasha la muziki wa kompyuta na sanaa za mitambo, huchukuliwa ng'ambo mwaka mzima, na akirudi humtazama mama yake kama mtu aliyekutana naye stendi.

"Mtoto wa yule jirani yangu karudi, hali tena chakula cha nyumbani," alisema mteja, mikono juu, akipimwa kiuno. "Na salamu zenyewe anatoa kwa kidevu."

Fundi cherehani hakucheka. Binti yake wa pekee alikuwa amejiandikisha kwenye tamasha hilohilo.

Na muziki wenyewe, mama mwenzangu, ungeusikia! Mwaka jana binti alinasa mlio wa cherehani, akauchanganya na mlango unaolia na maji ya bomba, akauzungusha kwenye kompyuta mpaka ukawa kama blenda iliyotumbukia kwenye ndoo. Waamuzi wa tamasha waliukataa. Walimwambia kazi yake ni safi, ila haina uhai.

"Hata mimi ningekuambia hivyo, tena bure," alisema mama siku ile, na akalala usingizi mnono.

Mwaka huu binti hakunasa hata mlio wa sufuria. Kompyuta ilifungwa, waya zikakunjwa. Hilo ndilo lililomtia mama kiwewe zaidi.

"Umepeleka nini safari hii?"

"Bado haijafika, mama."

"Basi nitakwenda mwenyewe kuwaambia wakuache."

"Mama, tafadhali! Utaniaibisha." Binti hakuinua macho. Alikuwa akinyoosha gauni la kijani la mama yake, lile la harusi za watu. "Waamuzi wanakaa Alhamisi asubuhi, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Usithubutu kwenda."

Alhamisi asubuhi mama alikuwa ghorofa ya pili, ndani ya gauni la kijani.

Korido ilikuwa imejaa kazi za wengine. Friji isiyo na mlango, ndani yake taa ya buluu. Televisheni iliyoonyesha mguu wa mtu umesimama. Basi, umesimama tu. Ndoo ikidondokewa na maji, na spika pembeni ikiyarudia yale matone kwa sauti kubwa, kana kwamba ni habari.

"Kwangu mimi bomba bovu huitwa bomba bovu," alimwambia mlinzi.

Mlinzi akatazama dari.

Alisukuma mlango bila kubisha. Waamuzi walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye kipara na hereni, mwanamke mwenye miwani mikubwa, na mzee mwembamba ambaye upindo wa suruali yake ulikuwa kama umeshonwa na adui.

Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Hakuna aliyempa kiti, na viti vitupu vilikuwepo. Wamesoma mpaka adabu ikawaishia, aliwaza. Maikrofoni ilining'inia katikati ya chumba. Akaidharau kama alivyokwisha kudharau vyote.

"Nimekuja kwa ajili ya binti yangu," akaanza. "Mkataeni."

Watatu wale wakamtazama tu.

"Au hamsikii? Ndoo imewaziba masikio? Nyinyi ndio mnaoita friji mbovu sanaa! Baba mzima na hereni yako, huna kazi ya kufanya? Na wewe mzee, kabla hujahukumu kazi za watoto wa watu, nenda kafumue huo upindo ushonwe upya. Unatembea na aibu miguuni."

Mzee akaficha miguu chini ya kiti. Hakuna aliyejibu, na ukimya wao ulimchochea. Akawapa yote: waya, kelele za spika, macho ya binti yaliyokuwa mekundu kwa kukodolea kioo cha kompyuta. Kisha, bila kukusudia, maneno yakageuka njia.

"Huyu mtoto alilelewa kwenye kapu la vitambaa, miguuni pangu, nikikanyaga cherehani. Mlio ukikatika, analia. Ukirudi, ananyamaza. Kuna siku kazi hakuna, kitambaa hakuna, na mimi nakanyaga tu, sindano inashona hewa, ili mwanangu alale." "Mkimchukua, nitamkanyagia nani? Nyumba ikinyamaza, na mimi nitalalaje?"

Mwanamke mwenye miwani akaivua miwani yake.

"Mtamkataa?"

Mwenyekiti akawaangalia wenzake. "Tumekusikia, mama," alisema taratibu. "Asante kwa kufika."

Alitoka kifua mbele. Amewaweza! Watu wazima watatu, hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Hatua mbili nje ya mlango, kamba ya kiatu ikafunguka, akainama kuifunga. Mlango nyuma yake haukujifunga sawasawa.

"Zima kinasa sauti," ilisema sauti ya yule mwanamke, nzito kwa machozi. "Hakuna haja hata ya kupiga kura. Binti huyu tunaondoka naye."

Vidole vya mama vikaganda kwenye kamba.

"Ngojeni kwanza," alisema mwenyekiti. "Tuhakikishe hatukuvunja masharti ya msanii." Karatasi ikachakarika, naye akasoma kwa sauti, moja baada ya jingine:

"Msimuulize jina.

Msimpe kiti, akikaa hupoa.

Msimjibu, hata akiwatukana.

Msimpigie makofi kabla hajafika mbali.

Msimwambie kwamba kazi niliyoileta ni yeye."