Barafu Kwanza

"Barafu kwanza," alisema Baba Manka, akimsogezea mkewe shanta lake la upagazi.

Ndeanasia alisonya. Siku hizi hakuna apandaye mlimani, awe mtalii au mpagazi, bila bonge la barafu analokabidhiwa na hifadhi kwenda kuliacha kileleni, ili mlima uzidi kuwa mweupe pichani. Bonge likiingia, koti zito halipati nafasi. Safari iliyopita mumewe alirudi vidole vimekufa ganzi. Na maji ya kugandishia? Yalivutwa kutoka kwenye mfongo, mfereji waliochimba mababu, ambao sasa ni vumbi tupu. Wenyeji waliachiwa kisima, ambacho siku hizi maji yake hutoka meupe.

"Askari wa hifadhi wakinirudisha getini kwa kukosa barafu, tutakula nini, Mama Manka?"

"Tutakula picha!"

Alilinyakua bonge, akalitumbukiza sufuriani, akachochea moto. Kisha akashindilia koti, soksi na glavu shantani kana kwamba anamkaba mtu koo.

Barafu iliyeyuka, lakini maji yalibaki meupe kama chokaa. Baba Manka alichungulia, akakunja uso.

"Mbona yanafanana na ya kisima chetu?"

Ndeanasia alilitoa koti shantani, akalivaa. Akaifunika sufuria, akaifunga kwa kanga, akaitia shantani.

"Getini leo naenda mimi, wanieleze maji haya."