Kitone Chekundu

"Mzee Nassibu! Nimempata!"

Binti alinijia mbio katikati ya shamba langu la pamba, akafungua kiganja. Nyuki alikuwa amekufa, miguu imejikunja, na mgongoni ana kitone chekundu cha rangi ya kucha.

Binti huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Australia, amekuja kwetu Maganzo kwa likizo yao ndefu kuchunguza nyuki wanafuata maua gani. Mwezi mzima tulishinda kwenye mizinga yangu, mimi nikiwatuliza kwa moshi, yeye akiwatia alama kwa rangi ya kucha.

Siku ya kwanza aliniuliza kama wanafika kwenye pamba. Nikamcheka. Nyuki wa hapa ni wa migunga, nilimwambia, kama baba alivyoniambia mimi.

"Kumbe wanakuja huku!" Alikuwa anaandika haraka, anatabasamu. "Wako wengi, Mzee. Tazama chini."

Nikatazama. Nyuki walikuwa wamelala kwenye udongo mweusi, chini ya kila mche uliochanua.

"Nisaidie kuwaokota," alisema.

Nilishindwa kuinama. Bomba la dawa ya wadudu lilikuwa bado mgongoni mwangu, na jana nilikuwa nimeipulizia pamba hiyo bomba zima mpaka likaisha.