Bwawa Lenye Ufa

Lori la maji lilikuwa likimimina mzigo wake katika bwawa la kuogelea la Kheri wakati Bi Mwatumu, jirani wa nyumba ya pili, alipoingia na ndoo tupu. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu, na mama yake alikuwa amefariki alfajiri.

"Naomba ya kumwoshea marehemu tu, Bwana Kheri."

"Pole sana, dada," Kheri alijibu bila kuinuka kitini. "Lakini bwawa lina ufa, linavuja kila siku. Maji yakipungua, mashine ya kuchujia itaungua. Jaribuni msikitini."

"Msikitini hakuna hata ya kutawadhia."

Sikudhani, mkewe, akasogea hadi kwenye mpira wa lori. Marehemu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua.

"Ufa unywe, maiti asubiri?"

"Mke wangu, usiniaibishe mbele ya watu."

"Aibu umeichimba mwenyewe, Kheri, ukaipamba kwa vigae!"

Akauvuta mpira kutoka bwawani, ukamlowesha kanga na kichwa, akauelekeza ndooni. Kheri aliruka, akakimbilia koki ya lori. Wanawake wa msibani, waliokuwa wakingoja langoni, wakaingia na kusimama baina yake na lori.