Jeki Juu ya Mchanga

Kina mama, mchanga wa Garissa haushiki jeki. Nawaambia mimi niliyeona.

Binti yangu Ugbad alikuwa chini ya gari kuukuu la spoti, akifungua filta ya petroli iliyojificha juu ya tangi. Mafundi watatu walishindwa, mikono yao haikupenya. Mimi, kwa woga wangu, nikasukuma rimu mbili za lori chini ya gari.

"Mama, unajenga nyumba?" fundi mmoja akanicheka.

Jeki ikazama. Gari likaangukia rimu, puu! Nikasahau hata kumtaja Mungu.

Nikapiga magoti mchangani, nikachungulia chini ya gari.

Kisha mkono mwembamba ukachomoza chini ya mlango, umelowa petroli mpaka kiwikoni, umeshika filta nyeusi.

"Hooyo, mama yangu, imetoka! Nipe mpya. Mbona unalia?"