Mtu Aliyeondoka Mwenyewe

Sanamu ya Wilmot Kalupahana, mchezaji wa kriketi, haipigi mpira. Inaondoka uwanjani. Gongo limebanwa kwapani, kichwa kimeinama, hatua ni ndefu, na mkono mmoja umewekwa penye moyo. Mchongaji aliiga picha ya gazeti, na akina mama wa Matara walilalamika kwamba mkono ameushusha mno.

Hakuna mtu mjini asiyeijua habari yenyewe. Wilmot alikuwa kijana, anaichezea nchi dhidi ya wageni, amebakiza mikimbio mitatu kufika mia. Mpira ukapita jirani kabisa na gongo lake, mdakaji akaunyaka nyuma ya vijiti, na wageni wakapiga kelele kwamba umegusa gongo, kwa hiyo ametolewa. Mwamuzi akatikisa kichwa: haukugusa. Wilmot angeweza kubaki, na mchezaji yeyote mwingine angebaki. Yeye aligeuka akaondoka mbiombio bila kumwangalia mtu. Uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Ni yeye peke yake aliyejua kuwa umegusa, walisema, na amejishtaki mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kila alipougusa aliondoka bila kungoja mwamuzi, maana nchi nzima ilikuwa inamtazama. Alistaafu akidhani sifa nayo itastaafu. Wapi! Shule zikaanzisha zawadi ya uungwana yenye jina lake. Akiingia kwa kinyozi, umbea unakatika ghafla na watu wanaanza kuzungumzia mvua. Mkewe alipofariki alitamani sana kupata mtu wa kucheza naye karata jioni.

"Karata bila kuibiana kidogo si karata, Bwana Wilmot," kinyozi alimwambia akicheka. "Ukikaa wewe, sote tutakuwa kama tuko hekaluni."

Wilmot naye alicheka, akarudi nyumbani, akapika wali wa mtu mmoja.

Mwanawe wa pekee, Dhanuka, alikuwa mpigaji mzuri pia. Siku moja, akiuchezea mkoa, mpira ulipita karibu na gongo lake vilevile. Mwamuzi alisema haukugusa, na Dhanuka akabaki. Watu wakamzomea mpaka mchezo ukasimama. "Mtoto wa Wilmot huyo! Huna aibu? Toka! Baba yako angetoka!" Jioni, mezani, Wilmot alimuuliza swali moja tu: "Uliugusa?" Dhanuka aliisukuma sahani yake, akaenda kulala. Hakushika gongo tena. Muda si mrefu akahamia Melbourne, akawa dereva wa basi, na tangu hapo alipiga simu siku ya mwaka mpya tu.

Sasa alikuwa amekuja kwa ajili ya uzinduzi wa sanamu. Asubuhi ya sherehe walikunywa chai na sukari guru, kila mmoja akitazama kikombe chake.

"Jioni naondoka, Baba."

"Mapema hivyo? Kaa kidogo, mwanangu. Chumba chako nimekipaka rangi."

"Nikae nifanye nini? Jana tu muuza samaki kaniuliza, 'Eti Dhanuka, huko Australia umeshajifunza kutoka?' Genge zima likacheka." Alizungusha kikombe. "Sikuugusa, Baba. Nimekuja kukwambia hilo tu. Wao wazomee, shauri yao. Wewe ndiye uliyepaswa kuniamini."

Nje gari la sherehe lilipiga honi. Wilmot aliogopa. Kijana huyu akiondoka leo hivi alivyo, hatarudi tena, hata kumzika.

Uwanjani kulikuwa na matarumbeta, mashada ya maua, na watoto wa shule waliovaa nguo nyeupe. Waziri alivuta kamba, kitambaa kikaanguka, watu wakapiga makofi kwa muda mrefu. Wilmot aliitazama sanamu akajiona mpweke kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kisha waziri akamwekea kipaza sauti mkononi.

"Mzee wetu, hebu waambie watoto hawa. Siku ile pale kati, moyo wako ulikwambia nini?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi, na siku zote alijibu vilevile: kwamba mtu analala na dhamiri yake, halali na mwamuzi. Watoto walikuwa wamelikariri jibu. Wengine walishaanza kulisema kimyakimya.

Kule nyuma, karibu na lango, Dhanuka alisimama na begi lake begani. Aliangalia saa.

Wilmot alikisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Yule pale langoni ni mwanangu," alisema. "Yeye hakuugusa mpira wake, nanyi mlimzomea."

Wilmot akaigeukia sanamu.

"Na mimi wangu sikuugusa. Tumbo lilikuwa limenichafuka tangu asubuhi. Nilikuwa nakimbilia choo."