Saa Arobaini za Bibi

Siku hizi, ukitaka kusomea shahada ya uuguzi, chuo hakikuulizi vyeti. Kinahesabu saa ulizomuuguza mtu nyumbani, na bangili iliyo mkononi mwa mgonjwa ndiyo inayozipeleka. Zinatakiwa saa elfu tatu. Mgonjwa akipona, taa ya bangili inazimika na hesabu inasimama.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo niliona mlango umefunguka. Bibi yangu, Bi Mwanaidi, alilazwa kitandani na presha. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji kwa kijiko. Jumatatu hii zilibaki saa arobaini, na maombi yanafungwa Ijumaa.

Asubuhi hiyo nilimkuta jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Mke mwenzangu, leo miguu imekubali," akasema.

Nilitazama bangili. Taa ilikuwa imezimika. Naye akaitazama, akaacha kukuna.

"Zimebaki ngapi?"

"Arobaini, Bibi."

"Basi vidonge vya presha tuviache kidogo. Mimi kuumwa nimeshakuzoea."

Nilijua muuguzi angesema nini. Nikamshika mkono, nikamrudisha kitandani.

Jumatano uso wake ulikuwa umevimba, na ulimi umekuwa mzito. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Nilimgeuza ubavu, nikampangusa jasho shingoni taratibu, kama anavyopenda.

"Zimebaki kumi na moja," nikamwambia, ingawa hakuwa ameniuliza.