Msikilizaji Asiye na Picha

Clotilda alipoingia chumbani, yule msikilizaji asiye na picha aliingia naye. Ilikuwa hivyo kila siku, saa tisa alasiri. Hakuwa na jina, aliandikwa "Mgeni" tu, na hakuwahi kusema neno.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya simu. Watu wa kijiji cha Bukiriro waliotawanyika Mwanza, Geita na hata Ulaya walikutana humo kwa sauti, wakapeana habari za migomba, misiba na harusi. Mwenyeji wao alikuwa Protasi, fundi redio wa Mwanza, mtu wa maneno mengi ambaye hakumfungia mtu mlango. Clotilda aliingia akiwa amekaa mlangoni mwa jiko lake, simu juu ya kinu kilichopinduliwa, ungo wa maharage mapajani.

"Mama Deodata, karibu," alisema Protasi. "Binti hajapatikana?"

"Hajapatikana."

Alisema kama mtu anayesoma tangazo la mwingine. Ilikuwa wiki ya tatu tangu Deodata, mwanawe wa pekee, atoke nyumbani kwa mumewe akiwa amevunjika mkono, asionekane tena. Siku za mwanzo Clotilda alilia. Kisha kilio kikamwishia, kikabaki kitu kama ganzi ya jino lililong'olewa. Alikula kwa kuwa ni saa ya kula. Watu walipomsalimu, aliitikia.

Mume wa Deodata aliitwa Danstan, dereva wa bodaboda. Kijiwe chake kilikuwa njia panda, mahali ambapo kila gari litokalo kijijini lazima lipite. Alikuja kwa mama mkwe wake mara mbili. Mara ya pili alichungulia vyumba vyote, akainua hata godoro.

"Hujui aliko?" aliuliza.

"Sijui."

"Unanidanganya, mama." Alisema kwa upole, akikung'uta vumbi mikononi. "Haidhuru. Mimi niko pale njia panda. Hata mwaka nitakaa."

Na kweli alikaa. Gari likipunguza mwendo, Danstan aliliendea akachungulia madirishani, uso kwa uso na abiria, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Jumatano, Felisita alikuja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, jirani wa kupakana ua, na ndiye aliyemwekea Clotilda ile programu ili asikae peke yake na mawazo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

"Mama, acha kuongea kwenye kile chumba. Leo Danstan amenisimamisha pale njia panda. Kanirudishia maneno uliyomwambia Protasi jana, moja baada ya jingine. Kaniambia mpaka mahali ulipokohoa. Huyo asiye na picha ndiye yeye."

Clotilda alitupa punje ya harage iliyotobolewa na wadudu.

"Anasikia vizuri?"

"Kila neno! Tena mtu anaweza kurekodi humo na usijue. Mimi ndiye niliyekuingiza, najuta."

"Usijute," alisema Clotilda, akaendelea kuchambua.

Kesho yake, saa tisa, Felisita alikuwa uani kwake akisahihisha madaftari. Aliisikia sauti ya jirani yake ikipenya ua wa minyaa.

"Leo nina habari," Clotilda alikuwa akisema. "Deodata amepatikana. Yuko Biharamulo, Nyabusozi. Anashona nguo barazani, karibu na mashine ya kusaga."

Chumba kizima kilishangilia. Mama mmoja wa Geita alipiga vigelegele. Protasi, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa wa kwanza kushangilia, aliwakatiza.

"Mama Deodata, tafadhali. Humu watu ni wengi, na wengine hatuwajui. Usitaje mahali."

"Mtandao unakatakata," alisema Clotilda. "Nimesema Nyabusozi. Nya-bu-so-zi. Ila atakuwepo leo tu. Kesho asubuhi anahama."

Felisita alipasua ua, madaftari yakamwagika. Akaikwapua simu juu ya kinu na kuizima.

"Umemuua!" alipiga kelele. "Mama, nilikwambia! Umemuua mwanao kwa mdomo wako mwenyewe!"

Clotilda alimtazama. Uso wake haukuwa na kitu, si hofu wala majuto. Felisita alimshika mabega, akamtikisa.

"Huna hata uchungu? Wewe ni mzazi wa namna gani?"

Chini ya kilima pikipiki iliwaka. Wote wawili waliiona ikitoka njia panda, Danstan peke yake juu yake, jaketi limejaa upepo, ikishika barabara ya kwenda Biharamulo kwa mwendo wa kuvunja shingo. Kwenda tu ni mwendo wa saa tatu.

Felisita hakungoja zaidi. Alikimbia kuteremka shambani, peku, kumtafuta mtu mwenye namba ya polisi wa kule.

Clotilda alibaki amesimama pale pale. Aliusikiliza mlio wa pikipiki ukipanda kilima cha kwanza, ukashuka, ukapanda cha pili, mpaka ukapotea kabisa. Akaingia jikoni, akafunga mlango kwa ndani. Akaegemeza ngazi kwenye dari iliyojaa masizi, akapanda vidato vitatu, akasogeza mzigo wa kuni.

"Teremka, Deodata," alisema. "Njia nyeupe."